Rafadha ya Kitanzi: Droni Tulivu Huanzia kwa Mchoro, Huthibitishwa kwa Mizani

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, wakulima na wakazi wote wa kaunti. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili kila mkazi ayasome kwa wakati wake.



Droni si kitu kigeni tena mashinani. Huonekana ikipiga picha kwenye harusi na mazishi, ikipima mashamba, ikinyunyizia mimea dawa na ikihesabu wanyamapori. Nchini Rwanda, ndege zisizo na rubani zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu 2016. Lakini popote droni inapopita, lalamiko ni lile lile: kelele. Ng'ombe hukurupuka, kuku hutawanyika, mtoto aliyelala huamka, na mhubiri kaburini hulazimika kunyamaza mpaka kidude kipite. Kifaa chenye manufaa kikichukiwa na watu kwa sababu ya kelele, manufaa yake hupotea.

Kwa miaka michache sasa, video zimekuwa zikisambaa kwenye simu zikionyesha rafadha ya ajabu, ambayo mapanga yake hayana ncha. Kila panga hutoka katikati, likajikunja na kurudi katikati, likafanya kitanzi. Video hizo husema kwamba rafadha hiyo haipigi kelele. Vijana wengi wameuliza kama wanaweza kuchora yao kwa kompyuta na kuitengeneza. Jibu ni ndiyo, wanaweza. Lakini kuna swali la pili ambalo wachache huuliza: utajuaje kwamba uliyoitengeneza ni tulivu kweli? Mazungumzo haya yanajibu maswali yote mawili.

Kelele hutoka wapi

Wengi hudhani kinacholia ni mota. Mota hulia kidogo, lakini kelele kubwa hutoka kwa rafadha, ile ambayo mafundi wengi huiita propela. Chukua droni yenye rafadha ya inchi 5, ukubwa unaotumika sana. Ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, hiyo ni mara 200 kwa sekunde. Ikiwa na mapanga mawili, hewa hupigwa mara 400 kila sekunde. Huo ndio mvumo wa kwanza unaosikika, sauti ya hezi 400. Wakati huo ncha ya panga huwa inakimbia kwa takriban mita 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa.

Juu ya mvumo huo kuna sauti ya pili, yenye mluzi na mkwaruzo. Panga linapokata hewa, shinikizo chini yake huwa kubwa kuliko juu yake. Kwenye ncha, hewa ya chini hukimbilia juu kwa kuzunguka ncha hiyo, na hapo huzaliwa kisulisuli kidogo, ndugu wa kile kinachoinua vumbi uwanjani wakati wa kiangazi. Panga linalofuata huja likagonga hewa iliyokwisha kuvurugwa. Hewa pia huvurugika kwenye ukingo wa nyuma wa kila panga. Sehemu kubwa ya sauti hii kali huwa kati ya hezi 1,000 na 5,000, na humo ndimo sikio la binadamu linamosikia vyema zaidi. Sehemu ya sauti ya kilio cha mtoto mchanga nayo imo humo humo.

Ndiyo maana droni ndogo huudhi sana. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la NASA la Marekani walichapisha matokeo ya awali yaliyoonyesha kwamba watu huudhiwa zaidi na sauti ya droni kuliko sauti ya magari barabarani, hata pale sauti hizo zinapolingana kwa ukubwa. Kinachoudhi si ukubwa wa sauti pekee, bali aina yake pia.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 10, sikio huisikia kama imeongezeka maradufu. Mahali pa wazi, ukienda mbali mara mbili zaidi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hivyo, fundi anayepunguza desibeli 6 amefanya kazi kubwa: mkazi aliye mita 50 kutoka kwa droni anaisikia kama aliye mita 100.

Kitanzi kilitoka wapi

Rafadha inayosambaa kwenye video ilibuniwa na Thomas Sebastian na Christopher Strem katika maabara ya Lincoln Laboratory, iliyo chini ya chuo kikuu cha MIT, jimbo la Massachusetts, Marekani. Walipewa hataza ya Marekani mwaka 2020, na mwaka 2022 ubunifu huo ukapata tuzo ya R&D 100. Wazo lao ni hili: kisulisuli huzaliwa pale panga linapoishia. Panga lisipoishia ghafla, bali likajikunja na kurudi, kisulisuli hakipati mahali pamoja pa kuzaliwa. Husambaa kwenye urefu wote wa kitanzi, kikawa dhaifu, na kikafifia mapema. Wabunifu hao walieleza kwamba sauti ilipungua hasa katika masafa yale yanayolisumbua sikio.

Kuna Mmarekani mwingine, Greg Sharrow, ambaye naye alianza kwa kutafuta droni isiyopiga kelele ili aweze kurekodi filamu za maonyesho ya muziki. Safari yake iliishia majini: kampuni yake leo huuza rafadha za vitanzi kwa ajili ya boti.

Hapa kuna funzo kwa kijana wa kwetu. Wazo moja lilizaa vifaa viwili, kimoja cha hewani na kingine cha majini, kwa sababu waliolibuni walijua ni tatizo gani wanalolitatua. Umbo lilikuja baada ya swali. Anayenakili umbo bila kujua swali atapata pambo la mezani.

Kuchora kwa kompyuta

Programu za kuchorea vifaa kwa kompyuta, ambazo mafundi huziita CAD, zamani zilikuwa za kampuni kubwa pekee. Siku hizi iko FreeCAD, ambayo haina malipo wala leseni ya kila mwaka. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Iko pia Onshape, inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, ila michoro ya anayeitumia bila malipo huonekana na kila mtu. Kompyuta ya kawaida ya chuo yaweza kufanya kazi hii.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kupima mota, kabla ya kugusa kompyuta. Tumia kalipa. Mota nyingi za rafadha ya inchi 5 zina chuma cha kati chenye kipenyo cha milimita 5. Pima pia urefu wa chuma hicho. Kitanzi huhitaji kitovu kirefu kuliko rafadha ya kawaida, kwa kuwa jani la mbele na jani la nyuma hushika kitovu katika viwango tofauti. Kitovu kikiwa kirefu kupita chuma cha mota, nati haitashika, na rafadha itaruka.

Hatua ya pili ni kuandika vipimo vyote kwenye jedwali ndani ya programu, badala ya kuvichapa ovyo kwenye mchoro. Andika kipenyo cha nje, milimita 127. Andika tundu la kati, idadi ya vitanzi, unene wa panga, na hatua ya rafadha, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Mchoro ukishafungwa kwenye jedwali, kubadilisha namba moja hubadilisha rafadha nzima. Siku ya majaribio utashukuru, maana utahitaji rafadha tano au sita zinazotofautiana kwa kitu kimoja tu.

Hatua ya tatu ni njia ya kitanzi. Chora mstari unaotoka kwenye kitovu upande wa juu, unaokwenda hadi ukingo wa nje, unaopinda polepole, na unaorudi kwenye kitovu nyuma kidogo na chini kidogo ya pale ulipoanzia. Vitanzi vikiwa vitatu, kila kimoja kina digrii 120 za mduara. Mwanzo na mwisho wa kitanzi kimoja lazima vitoshee humo bila kugusa kitanzi cha jirani. Usiupinde mstari kwa kona kali. Mahali penye kona ndipo kisulisuli kitakapozaliwa upya.

Hatua ya nne ndiyo yenye kazi. Panga si bamba bapa. Likikatwa huonekana kama ubawa wa ndege, mviringo mbele, mwembamba nyuma, limebinuka juu. Panga mikato kama saba au tisa ya umbo hilo kando ya mstari, na kila mmoja uupe mwinamo wake. Karibu na kitovu panga huenda polepole, kwa hivyo hulala kwa pembe kubwa. Karibu na ukingo huenda kasi, na pembe hupungua. Kwa hatua ya inchi 4, yaani milimita 102 hivi, mwinamo ni takriban digrii 39 ukiwa milimita 20 kutoka katikati, digrii 22 ukiwa milimita 40, na digrii 15 ukiwa milimita 60. Namba hizi hupatikana kwa hesabu ya pembetatu ya shule ya upili: gawanya hatua kwa mzingo wa duara la mahali hapo, kisha tafuta pembe. Mwanafunzi aliyekuwa akiuliza hesabu ya tanjenti itamsaidia nini maishani amepata jibu lake.

Kosa ambalo ni rahisi kulifanya liko hapa. Jani la mbele na jani la nyuma lazima yote mawili yasukume hewa upande mmoja. Kingo zao nene zielekee upande rafadha inakozungukia, na migongo yao iliyobinuka itazame juu. Ukifuata mstari bila kufikiri, jani la nyuma litageuka kichwa chini na kupigana na la mbele. Njia rahisi ya kuepuka hilo ni kutumia, pale kitanzi kinapogeuka, mkato mwembamba wenye pande mbili zinazofanana, ili mbinuko uhame taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hatua ya tano ni kuunganisha mikato hiyo iwe umbo moja gumu. Programu ikikataa au ikitoa mikunjo, ongeza mikato pale penye mpindo mkali, au unganisha jani moja moja. Nenepesha kidogo mahali panga linaposhika kitovu kwa mpindo laini wa milimita 2 au 3, maana hapo ndipo panapovunjika. Kisha nakili kitanzi kuzunguka kitovu. Mwisho, geuza mchoro kama kwenye kioo ili upate rafadha ya upande wa pili, kwa sababu droni ya mota nne huhitaji mbili za kuzunguka kulia na mbili za kuzunguka kushoto.

Kabla ya kufunga kompyuta, iulize programu ujazo wa umbo. Plastiki ya PLA ina gramu 1.24 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Umbo la sentimita 5 za ujazo litakuwa na gramu 6.2. Rafadha ya kawaida ya ukubwa huu huwa na gramu 4 au 5 hivi. Umeona tayari gharama ya kwanza ya kitanzi: ni kizito, na mota itachelewa kuitikia rubani anapoongeza au kupunguza kasi.

Kuchapisha bila kumtoa mtu jicho

Mchoro ukikamilika hupelekwa kwenye printa ya 3D, ambayo huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Printa nyingi hutoa uzi wa upana wa milimita 0.4, kwa hivyo usichore ukingo mwembamba kuliko milimita 0.8, hautachapika vizuri. Ndani jaza kabisa, usiache uwazi. Laini kingo kwa msasa, kisha angalia usawa: tundika rafadha kwenye ncha nyembamba iliyolala, uone upande gani unashuka, uupunguze kidogo kidogo. Rafadha isiyo na usawa hutetemesha droni nzima, na mtetemo nao ni kelele.

Hapa panahitaji tahadhari ya dhati. Chukua panga moja lenye gramu 2, ambalo uzito wake uko milimita 35 kutoka katikati. Likizunguka mara 12,000 kwa dakika, linavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 11. Ni kama kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 10 kwenye kipande cha plastiki kinachotoshea kiganjani. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Tabaka za plastiki zisiposhikana vizuri, panga hukatika na kuruka kama jiwe la kombeo.

Kwa hivyo, anayejaribu avae miwani ya kinga kila mara. Rafadha izungukie ndani ya kizuizi cha mbao au plastiki ngumu. Mtu yeyote asisimame usawa wa mzunguko wake, kwani huko ndiko vipande vinakoruka. Anza kwa kasi ndogo, zima, kagua nyufa, kisha ongeza. PLA huanza kulegea kwenye joto la digrii 60 hivi; katika kaunti zenye jua kali, rafadha iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa yaweza kupinda kabla hata ya kuruka. Na rafadha iliyochapishwa chuoni isirushwe kamwe juu ya watu. Ni ya mezani na ya uwanja mtupu.

Mizani ndiyo shahidi

Sasa swali la pili: utajuaje kwamba ni tulivu? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Video nyingi huonyesha mtu akizungusha rafadha mbili, moja ya kawaida na moja ya kitanzi, kisha anasema, sikieni tofauti. Lakini haonyeshi kila moja inabeba kilo ngapi. Ikiwa rafadha ya kitanzi inasukuma hewa kidogo, bila shaka itapiga kelele kidogo. Huko ni kulinganisha punda aliyebeba magunia na punda aliyetua mzigo, kisha kumsifu wa pili kwa kutohema.

Ulinganisho wa haki ni mmoja: msukumo sawa. Na vifaa vyake havina gharama kubwa. Funga mota kwenye kigogo kizito kilichosimama juu ya mizani ya jikoni, rafadha ikiwa imegeuzwa ili isukume mizani kuelekea chini na hewa itoke juu. Iweke mizani kwenye sifuri. Unganisha kipima-wati kati ya betri na mota. Weka kipima-sauti mita 1 kutoka kwa rafadha, pembeni, mahali upepo wake hausukumi maikrofoni.

Ongeza kasi mpaka mizani isome, tuseme, gramu 300. Andika desibeli na wati. Badilisha rafadha, rudia mpaka gramu 300 zile zile. Andika tena. Fanya hivyo mara tatu kwa kila rafadha, na pima pia kelele ya mahali penyewe mota ikiwa imezimwa. Kama haiko chini kwa angalau desibeli 10, subiri matatu ipite. Rafadha ya kulinganishia iwe ya kawaida yenye kipenyo kile kile. Ziko pia programu za simu zinazochora sauti kwa masafa yake. Hizo zitakuonyesha kama mluzi wa kati ya hezi 1,000 na 5,000 umepungua, hata pale desibeli za jumla zinapokaribiana.

Matokeo yanaweza kuwa matatu. Kwanza, desibeli zimeshuka na wati ni zile zile: hongera, una kitu. Pili, desibeli zimeshuka lakini wati zimepanda: umenunua utulivu kwa betri, na droni itakaa hewani muda mfupi. Tatu, hakuna kilichobadilika ila uzito. Wapenzi wengi wa droni duniani waliochapisha vitanzi vyao baada ya video zile kusambaa waliangukia matokeo ya pili na ya tatu. Hiyo si aibu. Aibu ni kuyaficha.

Kitanzi si njia pekee

Namba hizo zitamfundisha mwanafunzi jambo ambalo video haimwambii: kinachopiga kelele kuliko vyote ni kasi ya ncha. Chukua rafadha ile ya inchi 5 ukaikuze umbo lake lote hadi inchi 6. Kwa msukumo ule ule, mizunguko hushuka kutoka 12,000 hadi takriban 8,300 kwa dakika, na ncha hushuka kutoka mita 80 hadi mita 67 hivi kwa sekunde. Kelele ya mapanga huongezeka haraka mno kadiri kasi ya ncha inavyopanda, kwa hivyo punguzo hilo dogo laweza kushusha desibeli 4 hivi. Hapo hapana kitanzi chochote, ni rafadha pana inayokwenda pole.

Maumbile nayo yana somo. Bundi, ndege ambaye wazee wengi hawataki atue juu ya paa, ni bingwa wa kuruka kimya. Manyoya yake ya mbele yana meno kama kitana, na ya nyuma yana nyuzi laini kama ukingo wa shela. Meno huigawanya hewa, nyuzi huituliza inapotoka. Mwanafunzi mwenye jedwali lake la vipimo aweza kujaribu rafadha ya kawaida yenye ukingo wa nyuma uliokatwa meno, akaipima kwa mizani ile ile, akaona kama inaipita ya kitanzi. Hilo ni jaribio la juma moja.

Utulivu wa nani, na kwa kazi gani

Si kila mahali panahitaji ukimya. Mwaka 2007, watafiti waliofanya kazi Samburu walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ndovu hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Nchini Tanzania, droni zimetumika kuwaondoa ndovu mashambani, na mvumo wake ni sehemu ya silaha hiyo. Mkulima anayelinda mahindi kandokando ya mbuga hahitaji rafadha tulivu. Lakini afisa anayehesabu swara, au anayepiga picha ya malisho penye ng'ombe wenye ndama, anaihitaji sana. Kwa hivyo, swali la kwanza la msanifu ni kazi gani inafanywa, na nani atakuwa chini yake.

Upo pia wasiwasi wa haki kutoka kwa wakazi: droni isiyosikika yaweza kuchungulia ua wa mtu bila yeye kujua. Utulivu hauondoi sheria. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Haipaswi kuruka juu ya futi 400, wala kukaribia mtu au jengo lisilo chini ya usimamizi wa mwenye droni kwa chini ya mita 50. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inalinda picha na habari za mtu binafsi. Mkazi anayeona droni juu ya boma lake ana haki ya kuuliza ni ya nani na inafanya nini. Asiitupie mawe, ikianguka, itamwangukia mtu.

Kwa anayetaka kuuza alichochora, akumbuke kwamba vitanzi vya Massachusetts vina hataza. Hataza hufanya kazi katika nchi ilikosajiliwa, na ofisi ya kuuliza hapa Kenya ni taasisi ya KIPI, inayosimamia haki za ubunifu. Uliza kabla ya kuchapisha mia moja.

Kazi iliyobaki

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Maana yake ni kwamba ufundi wa aina hii hauhitaji kusubiri Nairobi wala Marekani. Kompyuta moja, programu isiyo na malipo, printa moja, mizani ya jikoni na kipima-sauti vinatosha kuanza. Kinachohitajika zaidi ni tabia: kuandika kila namba, nzuri na mbaya, na kumwonyesha mwenzako daftari badala ya video.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kijana atakayesimama mbele ya wakulima na kusema, rafadha hii imepunguza desibeli 4 kwa msukumo wa gramu 300, na betri imepoteza dakika 2, na huu hapa ukurasa wa vipimo, atasikilizwa, hata kama rafadha yake haina kitanzi. Na ng'ombe hawatakurupuka.